Wifi zangu wanakicheka Kipemba changu. Ninyamaze?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Micheweni, nimeolewa Unguja, tunakaa Fuoni. Mume wangu amekulia Muscat na watoto anazungumza nao Kiarabu. Binti yetu ana miaka minne, yupo skuli ya Kiingereza na katuni zake ni za Kiingereza. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Mdogo wake wa kiume ana miaka miwili na miezi minne, maneno yake hayafiki kumi. Mavyaa anasema lugha zimemzidi. Wifi zangu wanayacheka matamshi yangu, wanasema nitawaharibu watoto. Mwalimu naye katuambia tuzungumze Kiingereza nyumbani. Siku hizi nipo nao kimya tu, hata kuwaimbia nimeacha. Nifanye nini?*
*Mama wa Wawili, Fuoni*

Marahaba, mwanangu. Lililoniuma zaidi katika barua yako ni hilo la mwisho, na nitalirudia. Lakini kwanza mdogo.

Lugha tatu hazimfanyi mtoto achelewe kusema. Anayekulia katika lugha zaidi ya moja huweza kuwa na maneno machache katika kila lugha, lakini ukiyajumlisha yote huwa sawa na wenzake. Basi hesabu upya: la Kiarabu, la Kiswahili, la Kiingereza, yote yaandike. Ikiwa bado hayafiki kumi, na haunganishi hata mawili kama "baba njoo", usingoje. Mpeleke akapimwe masikio. Mtoto anayeugua mafua mara kwa mara huweza kubaki na maji ndani ya sikio, akawa anasikia nusunusu, na nyumbani msijue kwa sababu akiitwa kwa nguvu anageuka. Omba aonwe na daktari wa masikio, pua na koo pale hospitali ya Mnazi Mmoja. Ukiambiwa watoto wa kiume huchelewa, sema sawa, lakini naomba apimwe.

Sasa Kipemba chako. Mwalimu ana nia njema, ila kwa hili simkubalii. Kiingereza skuli itampa. Skuli haiwezi kumpa mama anayemtania, anayemgombeza na kumbembeleza kwa lugha inayomtoka bila kutafuta maneno. Ukijilazimisha Kiingereza usichokimudu, mazungumzo yenu yataishia njoo, kaa, kula, basi. Na wanaokucheka wajue kwamba BAKIZA, baraza lenyewe la Kiswahili la Zanzibar, limekitolea Kipemba kamusi yake. Siti binti Saad naye alitoka Fumba, akachekwa ushamba wake mpaka akatungiwa wimbo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi kwa Kiswahili, na Kiarabu na Kihindi pia alikiimba. Lugha moja haikumfukuzia nyingine.

Warudishie nyimbo zao, mwanangu, leo hii. Katika wimbo neno huenda polepole, silabi zinaachana, na jambo lile lile hurudi tena na tena bila mtoto kuchoka. Kiswahili kinafaa sana kwa hili, kwa sababu silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, unaweza kuivuta utakavyo. Unapomkogesha mdogo, muimbie wimbo mfupi anaoujua, kisha kabla ya neno la mwisho nyamaza. Mtazame usoni. Usimhimize, usimsaidie haraka. Akitoa sauti yoyote, ipokee na umalizie naye. Mkubwa mshike mkono mcheze ukuti na mdogo katikati. Chuo cha Kurani atakapoanza atakuta watoto wanasoma kwa sauti ya pamoja, na sikio lake litakuwa limeshazoea.

Hadithi ni hivyo hivyo. Umekulia Pemba, bila shaka umekaa usiku ukichambua karafuu, makonyo huku na karafuu kule, na bibi anasimulia. Ukisema "Paukwa!" na mtoto akaitika "Pakawa!" keshaingia kwenye mazungumzo, hata kama maneno mengine hana.

Vitabu visikutishe. Cha Kiingereza kilichotoka skuli kifungue na uzungumze picha zake kwa Kiswahili: huyu anakwenda wapi, mbona kakasirika, mama yake yuko wapi? Haulazimiki kusoma hata mstari mmoja. Vya Kiswahili waagizie wanaokwenda Dar es Salaam, Mkuki na Nyota wanachapisha vya watoto. Na African Storybook wana hadithi za bure mtandaoni, za Kiswahili zimo, unaweza kuzichapa karatasini. Kisha una kanga. Jina la kanga limeandikwa kwa herufi kubwa zilizo wazi, na Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Mpakate binti yako, kidole chake kipite juu ya herufi moja moja. Nadhani atasoma jina la kanga kabla hajasoma ukurasa wa Kiingereza.

Anapokujibu Kiingereza usimkaripie, wala usijifanye hukusikia. Mrudishie lile lile alilosema, kwa Kiswahili, na uongeze kidogo. Kisha mtafutie watu ambao bila Kiswahili hapati kitu kwao: ampigie bibi yake Micheweni mwenyewe, na skuli ikifungwa mpande boti akacheze na binamu zake. Katuni zipunguze. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani walitoa utafiti wa watoto wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina. Waliokaa na mtu anayewasomea na kucheza nao walizishika sauti za lugha ile. Waliotazama mtu yule yule kwenye televisheni hawakushika kitu. Hao ni wachanga kuliko wako, lakini jambo nimeliona kwa wakubwa pia: mtoto hujifunza kwa anayemjibu.

Mumeo aendelee na Kiarabu chake, ila awe na saa yake. Kitabu cha Kiarabu kabla ya kulala, au kasida ndani ya gari, chochote ambacho watoto watakijua ni cha baba. Kuwaita tu waje kula hakutoshi.

Na mavyaa wako usimkwepe. Anawapenda wajukuu, na hofu yake inatokana na hapo. Mwambie unampeleka mdogo hospitali na umuombe mfuatane. Mkirudi, muulize alilala kwa wimbo gani alipokuwa mdogo, na umuombe awaimbie watoto wimbo huo. Wifi zako wakikucheka mbele ya watoto, hilo mumeo alizungumze na dada zake, si wewe.

Ukishapata majibu ya masikio, niandikie tena.