Siku Niliyocheka Kwenye Msiba wa Baba

Jeneza la baba lilikuwa tayari mabegani, vijana wanasubiri kuambiwa waondoke, mtu mmoja akajilaza chali katikati ya njia. Kavaa koti la baba, lile la kaki lililobaki na kifungo kimoja, na miwani yake iliyofungwa uzi. Akakohoa kikohozi cha baba chenyewe, kile cha mara tatu, akauliza kwa ukali: "Nani kahamisha stesheni kwenye redio yangu?"

Nilicheka mpaka nikashika mwembe. Dakika mbili kabla ya hapo shangazi zangu wawili walikuwa wamenishikilia nisianguke.

Sisi ni Wangoni wa Songea, yeye Mhehe, mtani wetu, yaani mtu wa kabila lenye ruhusa ya kimila kututania hata msibani. Babu zetu walipigana vibaya na babu zake kuanzia 1878, wala hakuna aliyemmaliza mwenzake. Uadui ule ndio uliozaa utani huu. Wanyamwezi na Wazaramo wana wa kwao, uliotokana na misafara ya karne ya 19 kutoka Tabora kwenda pwani: ukipita kwenye ardhi ya watu kila mwaka, ama mpigane ama mtaniane. (Nadhani walianza na la kwanza.)

Kaka yangu, aliyekaa Dar miaka mingi na kuoa huko, alitaka kumnyanyua yule bwana kwa kola. Mkewe alishabutwaa. Ndiyo maana nasema, kama ukoo wenu una watani, waambieni mapema wakwe na watoto waliokulia mjini, wasije wakadhani mwendawazimu kavamia mazishi. Tafuteni pia mtu mmoja mwenye moyo mpana, mpeni noti ndogondogo azishike. Kwetu alikuwa mama mdogo. Mtani alidai marehemu kaondoka na deni la kuku wake; akapewa elfu mbili, akaiinua juani aikague kama si ya bandia, ndipo akapisha njia.

Na kabla hujamkasirikia mtani, mtazame mikono. Yule alikuwa ameshika jembe na sepetu tangu alfajiri akichimba kaburi, udongo mwekundu bado umo kwenye kucha. Mimi mwana nisingeweza kazi ile siku ile.

Mipaka ipo. Kwenye msiba wa mtoto mchanga, mtani mwenye akili zake huchota maji akanyamaza. Akizidisha, mwite pembeni mzee wa upande wake aseme naye. Usigombane naye mbele ya jeneza, utashindwa tu, maana atakutania na wewe.

Kilichonitesa mimi kilikuja baadaye, baada ya arobaini. Usiku nalala macho, najiuliza ni mtoto gani huyu anayecheka baba yake akizikwa. Nilikaa nalo wiki kadhaa, kosa kubwa, kisha nikamwambia mama. Alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua kichwa. "Mimi niliposikia kile kikohozi nilidhani kaamka," akasema. "Nikacheka. Halafu nikakumbuka hajaamka."

Tangu siku hiyo, rafiki akifiwa simwambii jikaze, na akicheka simkati jicho. Wewe uliyefiwa, ukijikuta unacheka huku machozi hayajakauka, acha yapitane. Ukiona linakukaba usiku, mtafute mtu aliyekuwepo pale, mkumbushane.

Mwaka jana simu ikaja kutoka Iringa: mtani wetu kafiwa na mama yake. Nikapanda basi. Nilipofika sikumpa pole mtu, nilikwenda moja kwa moja kwenye kigoda cha marehemu kando ya jiko, nikajifunga kanga kichwani, nikaita kwa sauti nyembamba: "Chai yangu iko wapi?" Aligeuka akaniona. Akaanza kucheka, akaja akapiga magoti pale chini, akaweka kichwa mapajani mwangu, akalia mpaka kanga ikalowa.