Urefu tu hautoshi

Bwana, unauliza kama mpwa wako wa Likoni, miaka 16, futi 6 na inchi 5, ataweza kuishi kwa mpira wa kikapu. Urefu sawa, ila pointi anazofunga juu ya vichwa vya watoto wenzake hazinambii kitu. Tazama mitupo yake huru, ile ya baada ya faulo bila mtu kumzuia: mkono ukiwa laini pale, mitupo ya mbali hufundishika. Kisha mtie mazoezini na watu wazima, KPA, timu ya Mamlaka ya Bandari hapo Mombasa, wakimkubali itakuwa bora zaidi, uone akipokonywa mpira: anarudi mbio kulinda au anabaki kumlalamikia refa? Kuchelewa kuanza si hoja, Joel Embiid, nyota wa NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, alianza na miaka 15. Na kasi nayo usiitukuze sana. Nikola Jokić, mzito vile, alichaguliwa wa 41 tu timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2014, na bado akawa nyota.