Huyo paka mtoe machozi

Mwanangu Zuhura,

Voisi yako nimeisikia mara mbili, unauliza huyo paka wako wa waya na vitambaa umfanyeje aonyeshe upweke wa kukaa huko Nairobi, manake umemwekea machozi ya gundi na bado watu wanaona mdoli tu. Yatoe hayo machozi mwanangu. Mnyama halii kama sisi, huzuni yake iko shingoni, iko mgongoni, iko kwa namna alivosimama.

Wamkumbuka yule punda niliyemtengeneza babako alipofariki? Wa kwanza nilimharibu, nilimfanyia uso wa majonzi mdomo umeshuka, nikimtazama sihisi kitu, nikambomoa. Halafu siku moja nikapita Kisauni nikaona punda amesimama juani, kichwa chini, mguu mmoja wa nyuma ameulegeza, kwato imegusa chini kwa ncha tu, nikasema ndo huyu. Nikarudi nikapinda waya upya, sikio moja nikalilaza nyuma, ngozi nikamshonea gunia la mchele kwa shazia, na pale mgongoni panapokaa mzigo nikamtia kipande cha kikoi cha babako, kile chenye doa la chai ambalo nimefua weee halikutoka. Uso sikuugusa. Jirani akaja kuomba chumvi akasimama mlangoni kimya, halafu akaniuliza, "Huyu amngoja nani?" Hapo ndo nikalia, na ilikuwa miezi minne sijalia.

Kitambaa nacho kinasema, usikidharau. Yule Louise Bourgeois, Mfaransa aliyehamia Marekani, mwaka 1999 alitengeneza buibui wa chuma mrefu zaidi ya mita 9, amebeba mayai ya marumaru, akamwita Maman, yaani Mama, kwa sababu mamake kazi yake ilikuwa kutengeneza mazulia ya ukutani yaliyochakaa, kazi ya uzi na subira. Wengine wanamkimbia buibui yeye kamuona mama! Na sisi huku buibui ndo lililomsitiri bibi yako maisha yake yote, nikiifikiria hiyo moyo wanijaa.

Bas huyo paka mkia mzungushie miguuni, mgongo ukunje, masikio yarudi nyuma kidogo, na hivo vitambaa vya dukani achana navyo, chukua ile leso yangu uliyoondoka nayo. Ikate tu, usiionee huruma, ntakununulia nyingine Biashara Street. Kisha nipigie picha ya ubavuni kabla hujapaka rangi.

Mamako