Kioo Hakishoni Sare

*Swali:* Daktari, mimi ni fundi nguo hapa Langa Langa, Nakuru, mwaka wa kumi na moja kwenye cherehani. Nililelewa niwe mtu wa neno langu na hivyo ndivyo ninavyojiona. Lakini nikimwambia mteja Ijumaa, Ijumaa inafika kitambaa hakijakatwa. Januari hii mama mmoja alinilipa nusu ya sare za watoto wake wawili. Shule zikafunguliwa, sare bado. Nilizima simu siku tatu, na mpaka leo nikiona namba nisiyoijua tumbo linanikaza. Rafiki alinipeleka kwa mwalimu mmoja wa mafanikio, nikalipa shilingi 3,500 za programu ya siku 21: kila alfajiri nasimama mbele ya kioo cha wateja na kusema mara hamsini, "Mimi ni mtu wa neno langu." Nimemaliza siku zote na najisikia vibaya kuliko nilipoanza. Nilikosea wapi? Nirudie tena?

*Jibu:* Usirudie, fundi. Na mimi si daktari, ni mshauri nasaha. Tofauti hiyo ina uzito wake na nitaifikia.

Hukukosea hatua yoyote ya hiyo programu. Uliifuata kama ulivyoelekezwa, nayo ikafanya kile ambacho programu kama hizo humfanyia mtu aliye katika hali yako. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, wakiongozwa na Joanne Wood, waliwaketisha watu waandike mawazo yao kwa dakika nne. Baadhi yao, kila kengele ilipolia, walitakiwa wajiambie kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa tayari wakijithamini walipata nafuu kidogo. Waliojiona duni walitoka wakiwa na hali mbaya kuliko wenzao wa aina hiyo hiyo ambao hawakuambiwa waseme lolote. Ukiuliza sababu, rudi kwenye kioo chako. Unasema "mimi ni mtu wa neno langu," na nyuma ya bega lako, humo humo kwenye kioo, unaona vitambaa vya watu vimerundikana mezani. Kila tamko linaita ushahidi wa kulipinga. Mara hamsini kwa siku, siku 21: umejisomea mashtaka zaidi ya mara elfu moja, na umeyalipia.

Hizo siku 21 zenyewe zina kwao. Maxwell Maltz alikuwa daktari wa upasuaji wa sura huko New York. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Alikuwa anazungumzia hasa watu waliokatwa na kushonwa usoni. Neno "angalau" likadondoka njiani, sura ikawa tabia, na sasa inauzwa hapa mjini kwa bei ya mfuko wa mahindi. Mwaka 2010 watafiti wa London, akiwemo Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea madogo kama kunywa maji baada ya kiamshakinywa. Zoea lilichukua siku 66 kwa kadirio la kati. Kwa mwepesi zaidi 18, kwa mzito zaidi 254. Na aliyeruka siku moja hakuharibu chochote cha maana. Sasa uliza hao walimu wa mafanikio kwa nini ukiruka siku moja wanakutaka uanze upya, na ulipe tena.

Sasa tuje kwako, maana barua yako ina jambo ambalo nadhani hujaliona. Unasema unajiona mtu wa neno lako. Sawa. Lakini mteja anapoingia Jumatatu na kitenge mkononi na kuuliza "lini?", anayejibu si huyo. Anayejibu ni fundi asiyemkatalia mteja, na huyo naye unampenda. Anasema "Ijumaa, mama, usijali," mama anatabasamu, na kwa dakika tano unajisikia mtu mwema. Ndani yako mna picha mbili za kujivunia na haziwezi kukaa kibanda kimoja: mmoja anatimiza ahadi, mwingine anaitoa kwa kila anayebisha hodi. Watu wengi wanaokuja kwangu wakisema "matendo yangu hayafanani na mimi" wana tatizo hili hili. Matendo yao yanafanana nao kabisa, ila yanafanana na ile picha ya pili ambayo hawakuitaja.

Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1957 jinsi akili inavyosumbuka tendo likigongana na imani, na jinsi inavyotafuta njia ya mkato ya kutulia. Miaka miwili baadaye, yeye na James Carlsmith waliwapa wanafunzi wa Stanford kazi ya kuchosha kweli kweli, kugeuza vigingi kwenye ubao, kisha wakawaomba wamdanganye mwenzao kwamba kazi ile inafurahisha. Waliolipwa dola 20 kwa uongo huo walibaki wakijua kazi ni ya kuchosha. Waliolipwa dola 1 tu ndio waliokuja kusema kwamba, kwa kweli, haikuwa mbaya. Dola moja haikutosha kuwa sababu ya kudanganya, kwa hiyo akili ikayabadilisha maoni. Na wewe ukijichunguza utaisikia akili yako ikisema: "wateja wa siku hizi hawana subira," "stima ilipotea," "hata mafundi wengine wako hivyo." Stima ilipotea kweli, sikatai. Lakini ilipotea siku ngapi?

Chukua daftari lako la vipimo. Fungua kurasa za mwisho na uandike nguo ishirini zilizopita: tarehe uliyoahidi, tarehe nguo ilipochukuliwa. Usiandike sababu. Ukikuta kwa kawaida unachelewa siku nne, basi "Ijumaa" yako ni Jumanne, na huo ndio ukweli wa kazi yako, si aibu ya nafsi yako. Ahadi ijayo itoke hapo. Na uifunge na kitu cha mkono. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameandika sana kuhusu mipango ya aina hii, kwamba nia ikifungwa na tukio maalumu hutekelezwa kuliko nia ya jumla. Kwako iwe hivi: mteja akiuliza "lini?", mkono ufungue daftari kabla mdomo haujafunguka. Utahesabu zilizopo kwenye foleni mbele yake, ndipo utaje siku. Wengine watakwenda kwa fundi wa jirani. Waache waende. Hiyo ndiyo gharama ya kumwachisha kazi yule fundi asiyekataa, na kama huwezi kuilipa, afadhali ujue mapema kwamba unampenda yeye zaidi.

Na simu. Ukiona siku itakushinda, unapiga wewe, siku moja kabla. Tumbo linakukaza kwa sababu kila mara ulipozima simu ulipata nafuu, na nafuu hiyo ikaufundisha mwili kwamba mlio ule ni hatari. Ukipiga mwenyewe mara kadhaa na dunia isianguke, utaanza kulegea. Mwanasaikolojia Daryl Bem alisema mwaka 1972 kwamba mara nyingi tunajijua kama tunavyowajua wengine, kwa kutazama tunachofanya. Ukijiona umewapigia wateja kumi na wawili mfululizo kabla hawajakutafuta, hutahitaji kuambiwa na kioo wewe ni nani.

Kuna jambo jingine la haraka: kama malipo ya kwanza ya Januari ndiyo yananunua kitambaa cha mteja wa Desemba, hilo ni shimo la pesa na ushauri nasaha hauwezi kulijaza. Tenganisha hizo pesa kwanza.

Nilisema nitarudi kwenye udaktari. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na kwa sheria hiyo anayejiita hivyo anatakiwa awe amesajiliwa na bodi. Mwulize mtu cheti kabla hujampa pesa, mimi nikiwemo. "Mwalimu wa mafanikio" ni jina lililochaguliwa kwa akili, kwa sababu halidai usajili wowote. Kama wangekuwa wanauza maneno matamu tu ningenyamaza. Lakini nimekaa na watu walioambiwa kwamba huzuni yao ni "picha mbaya ya nafsi," wakaacha dawa walizopewa hospitalini ili watamke kwa imani zaidi. Programu iliposhindwa wakaambiwa hawakuamini vya kutosha. Huo ni mtego usio na mlango: ukipona sifa ni ya mwalimu, usipopona kosa ni lako. Mtu aliyekosa usingizi na hamu ya chakula kwa wiki mbili au zaidi, asiyefurahia chochote, au anayewaza kwamba ni heri asiwepo, huyo hana kasoro ya matamko. Apelekwe hospitali ya rufaa ya kaunti au kituo cha afya kilicho karibu, na akiwaza kujiua apelekwe leo hii, asiachwe peke yake. Na anayetumia dawa asiziache bila kuzungumza na aliyemwandikia.

Kwa unavyoeleza, wewe hujafika huko, ingawa ukianza kuona dalili hizo usiniandikie tena, nenda.

Barua yako haikusema kama zile sare mbili zilimfikia yule mama. Kama bado ziko mezani, mpigie kabla hujafungua kibanda kesho. Usimweleze habari za stima. Mwambie siku uliyoihesabu kwenye daftari, na kama atataka kurudishiwa pesa zake, mrudishie.