Kabla ya kuchinja kuku wako wa kwanza, andaa maji

Anayechinja kuku wake kwa mara ya kwanza huhangaikia kisu. Atashika wapi, atakata wapi, na je, mkono ukitetemeka katikati ya kazi? Nami nilipoanza nilikuwa hivyo hivyo. Siku hizi jirani akija kuniuliza, huanza kwa kumuuliza maji ameyaandaa vipi. Kukata ni kazi ya muda mfupi sana. Nyama huharibikia kwenye maji ya kunyonyolea, kwenye tumbo lililojaa chakula, na kwenye haraka ya kuitia sufuriani.

Nafuga nyuma ya nyumba, upande wa Ruai hapa Nairobi. Ni kienyeji walioboreshwa, pamoja na majogoo ambao wakifika miezi mitano hivi huanza kutoana damu na kuamsha mtaa saa tisa usiku. Hao ndio huenda jikoni. Aliyenifunza ni shangazi yangu wa Kakamega, na kwa watu wa Kakamega kuku si jambo la mzaha.

Chinja kuku mwenye afya. Nimeona watu wengi mtaani wakiona kuku amesinzia, mbawa zimelegea, kinyesi kimekuwa cha kijani, wanamkimbilia kwa kisu ili asife bure. Hapo mimi huwa mkali. Kuku mgonjwa anaweza kukuachia vijidudu mikononi, kwenye ubao na kwenye kachumbari, hata kama nyama yenyewe itachemka hadi mifupa iachane. Na akiwa na mafua ya ndege, aliye hatarini zaidi ni yule anayemshika na kumnyonyoa. Mwite daktari wa mifugo, hasara ya kuku mmoja utaisahau.

Kuna na suala la dawa. Kama kundi lilipewa antibiotiki, soma kibandiko cha chupa. Kitakuambia zipite siku ngapi kabla nyama na mayai kuliwa, na hesabu huanza baada ya dozi ya mwisho. Dawa iliyopimiwa kwenye karatasi isiyoandikwa chochote, kama wanavyouza baadhi ya maduka ya agroveti, usiikubali hata kwa punguzo.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, mchukue kuku akiwa amelala kwenye kijiti. Gizani huwa mpole, hakuna kukimbizana hadi kwa jirani. Mtie kwenye kizimba chenye sakafu ya waya, mwekee maji, lakini asipate chakula kwa saa 8 hadi 12. Ukimwacha juu ya maranda ataendelea kudonoa usiku kucha. Kuku aliyekula asubuhi ni balaa: kifuko cha chini ya shingo kimejaa mahindi, utumbo umejaa kinyesi, na ukiutoboa kidogo tu umechafua nyama yote.

Watoto waamue wenyewe kama wataangalia au wataenda kucheza. Ninachokataza nyumbani kwangu ni kumpa jina jogoo ambaye tayari ana miadi na sufuria.

Sasa kisu. Kiwe kifupi, chembamba na kikali kweli, si kile cha kukatia sukuma wiki kilicholegea mpini. Wale mafundi wa kunoa visu wanaopita mitaani na baiskeli zao za jiwe watakifanya kiwe wembe. Kisu butu ndicho humtesa kuku, na ndicho hukufanya uogope.

Njia rahisi kwa anayeanza ni kutumia mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, ule wa lita 10. Kata kitako chote, panua mdomo kidogo, uufunge ukutani au kwenye nguzo mdomo ukiangalia chini. Kuku akiingizwa kichwa chini, mbawa hubanwa na yeye hutulia. Bila mtungi, mtafute mtu wa kushika miguu na mbawa pamoja. Shika kichwa, kivute taratibu hadi ngozi ya shingo ikazike, kisha kata chini kidogo ya taya kwa mkato mmoja usiosita. Koromeo, umio na mishipa miwili ya damu ya pembeni vyote vikatike, kichwa kibaki. Damu itoke yote, dakika mbili au tatu. Atapapatika, na hapo ndipo wengi huachia. Usiachie. Huko kupapatika ni kwa mwili ambao fahamu zimeshauacha, ila mbawa zikigonga saruji huvunjika na damu hubaki ndani ya nyama.

Kama mezani patakuwa na mgeni Mwislamu, mwombe Mwislamu akuchinjie. Mtaani kwetu ni jambo la kubisha hodi tu: jirani huja na kisu chake, huelekea kibla, husoma bismillahi, na kabla hujamaliza kumshukuru kazi imekwisha. Asiondoke mikono mitupu.

Nilisema maji, basi tuyafikie. Kwanza yawepo. Maji ya bomba Nairobi huja kwa zamu, na hakuna aibu kama ya kuwa na kuku aliyekwisha chinjwa huku bomba likitoa hewa. Jaza mitungi siku moja kabla. Mimi hujitengea mitungi miwili ya lita 20 kwa kuku mmoja, na inayobaki huoshea sakafu.

La pili ni joto. Wengi humtumbukiza kuku kwenye maji yanayotokota, wakiamini yakiwa makali zaidi manyoya yatatoka upesi. Ngozi huiva papo hapo, ukivuta unyoya inakuja nayo, na unabaki na kuku aliyechanika kama shati la mtumba. Joto zuri kwa kienyeji ni kati ya nyuzi 60 na 65. Nairobi, kwa ajili ya urefu wetu kutoka usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 au 95 tu, si 100. Kwa hiyo kama huna kipimajoto, pima hivi: vyombo viwili vya maji yaliyochemka kwa chombo kimoja cha maji baridi ya bomba. Kwenye sufuria baridi au ndoo yatashuka hadi pale unapotaka. Ukichelewa, ongeza maji ya moto kidogo.

Mshike miguu, mzamishe mzima na umzungushe maji yafike chini ya manyoya. Baada ya dakika moja hivi, vuta unyoya mmoja mkubwa wa bawa. Ukitoka bila kushindana, mtoe. Ukigoma, mrudishe kwa sekunde chache, hasa kama ni koo, yaani kuku jike mzee. Anza na manyoya ya mbawa na mkia yangali moto, kwa sababu hayo yakipoa hukamata. Ya kifuani utayafuta kwa kiganja. Miguu nayo izamishe, yale magamba ya njano hutoka kama soksi, kucha zikifuatia. Vishina vidogo vilivyobaki vibane kati ya kidole gumba na kisu. Malaika ya mwisho, yale manyoya laini kama nywele, yababue juu ya moto wa jiko kwa kupitisha haraka, usiache ngozi ikaungua.

Kufungua tumbo ndiko kunahitaji utulivu, na hapa shangazi alikuwa haruhusu mazungumzo. Kata kile kitezi cha mafuta juu ya mkia, kwa sababu huachia ladha chungu. Chana ngozi ya shingo, ukitenge kifuko cha chakula na ngozi kwa vidole. Kisha mlaze chali na ukate kwa juu juu kati ya ncha ya mfupa wa kidari na tundu la kinyesi. Ngozi tu, kisu kisizame. Zunguka hilo tundu bila kutoboa utumbo. Ingiza mkono ukiupitisha chini ya mfupa wa kidari mpaka ufikie kitu kigumu, kama jiwe lililofungwa kwenye nyama. Hiyo ni firigisi. Ishike uvute taratibu, vingine vyote vitaifuata. Mapafu hubaki yamegandamana na mbavu, yakwangue kwa ncha ya kidole. Ukikuta kwenye tetea msururu wa viini vya njano, vikubwa kwa vidogo, usishtuke. Ni mayai ambayo hayajafika, na kwenye mchuzi ni matamu.

Angalia ini kabla ya kufanya lolote. Linatakiwa liwe laini, rangi moja ya hudhurungi iliyokolea. Likiwa na vidoa vyeupe, limevimba, au tumboni kuna maji yenye harufu, kuku huyo mzima anazikwa, hata kama wageni wako getini. Likiwa safi, tafuta nyongo, kile kifuko cha kijani kilichojificha chini yake. Usikikamue. Kikate pamoja na kipande kidogo cha ini, ukitupe. Ikipasuka, osha hapo hapo na ukate sehemu yote iliyoguswa, maana ule uchungu hauondolewi na viungo vyovyote.

Firigisi ipasue kwa ubavu wake mwembamba, umwage mchanga, kisha uchubue ule utando wa njano kuanzia ukingoni. Utashangaa kuku wa Nairobi hula nini. Mimi nimetoa vipande vya chupa vilivyosagika hadi kuwa laini kama kokoto za mtoni, na kifungo cha shati kikiwa bado na matundu yake manne. Kwa shangazi firigisi huwekewa mwenye nyumba. Kwangu huliwa na aliyeisafisha.

Ukishamaliza, mtie kuku kwenye maji safi baridi, yenye barafu kama unayo, hadi nyama ya ndani ipoe. Halafu jifunze kusubiri. Baada ya kuchinjwa mwili hukakamaa, na kuku akipikwa katikati ya hali hiyo atakuwa mpira hata akiwa kijana. Mfunike, muweke kwenye friji hadi kesho yake. Paja likichezeka bila kubisha, yuko tayari. Najua mila zetu ni kumchinja mgeni akiwa sebuleni na kumpakua kabla hajaaga. Ukibanwa hivyo, chemsha kwa moto mdogo muda mrefu wala usijaribu kumkaanga moja kwa moja. Na kwa sababu ya yale maji yanayochemka kwa nyuzi chache, koo aliyemaliza kutaga huchukua muda mrefu zaidi hapa kuliko Mombasa. Sufuria ya presha itakuokolea makaa na subira.

Matumbo na damu fukia kwenye shimo linalofika magotini, la sivyo mbwa watafukua. Usiyarudishe bandani kwa kuku wengine. Manyoya yachanganye na samadi, yataoza polepole na shamba litafurahi. Anayeishi ghorofani asijitie taabu hii kabisa. Damu kwenye bomba la bafu la pamoja huleta ugomvi wa ploti nzima, na sokoni, kwa mfano soko la Burma hapa Nairobi, utapata watu wa kukuchinjia na kukunyonyolea kwa malipo kidogo.

Majirani wakishaonja watakuja kuagiza. Hapo kuwa mwangalifu: kuchinja kuku wa kula nyumbani ni tofauti na kuuza nyama, ambayo inatakiwa ichinjwe mahali penye leseni na ikaguliwe. Mimi huwauzia kuku akiwa hai, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, na kama hawajui kumchinja nawakaribisha waje na maji yao.