Jibu: Kinjia cha msituni Amboni kwa baiskeli ya gia

Ndugu yangu, umeuliza kama baiskeli yako ya gia ya kawaida itahimili vinjia vya msituni kule Kiomoni, karibu na mapango ya Amboni, Tanga. Itahimili, ila tairi laini za mjini zitoe, weka zenye meno. Halafu punguza upepo. Mimi naweka kama pauni 30, maana tairi ikijaa sana inadunda juu ya mizizi badala ya kuishika. Usipunguze kupita kiasi, ukigonga jiwe tyubu itabanwa na kupata matundu mawili.

Kutoka Tanga mjini ni kama kilomita 8 tu kwa barabara ya Horohoro, kwa hiyo nguvu zako zihifadhi. Kwenye mteremko shusha siti, simama juu ya pedeli zikiwa sawasawa, makalio nyuma, macho mbele mita kadhaa. Ukikodolea mzizi, utaupanda huohuo! Breki ya mbele iguse kwa kidole kimoja. Mimi niliibana yote juu ya jiwe la chokaa lililolowa, nikatua kichakani, goti likavimba wiki nzima. Masika hata siendi.

Kumbuka hivyo ni vinjia vya watu. Kwenye kona piga kengele, na ukikutana na mama kabeba kuni, shuka, msalimie, apite kwanza. Beba viraka, gundi na pampu. Fundi yuko mjini.