Kobe anakwaruza kioo kutwa nzima: mpe kazi, usimwongezee chakula

Mkuu, umesema kobe wako wa majini, gamba sentimita 15, anakwaruza kioo kutwa hapo Nyegezi, na hata ulipomwongezea dagaa hakuacha. Hataacha, maana si njaa. Hawa wa kwetu wanaokunjia shingo ubavuni ni wa kupekua tope, wakitafuta minyoo, konokono na wadudu. Kwenye kioo na maji matupu atapekua nini? (Kama aliokotwa porini, huyo ni mnyamapori, shughulikia kibali kwanza.)

Anzia chini. Osha mchanga laini mpaka maji yatoke safi, uweke kina cha sentimita 6 hivi. Mawe yatangulie, yakae kwenye sakafu yenyewe ya tenki, ndipo mchanga uyazunguke. Ukiyapanga juu ya mchanga atachimba chini yake, yamwangukie au yapasue kioo. Kokoto ndogo kuliko kichwa chake usiweke kabisa. Huzimeza, utumbo ukaziba. Ongeza chungu cha udongo kilichokatwa nusu awe na pa kujificha, na ubandike karatasi ya kaki nje ya vioo vitatu asihangaike na taswira yake mwenyewe kwenye kioo.

Sasa chakula. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, itoboe matundu kumi kwa msumari uliopashwa moto, kila tundu milimita 8, kisha ulainishe kingo. Tundu lisikaribie ukubwa wa kichwa chake, atanasa na kuzama. Tia vijiwe visivyopita kwenye matundu ili izame, kisha nyungunyungu wanne, funga kizibo. Nyungunyungu akichomoza ncha tu, kobe atasogea taratibu, atulie, halafu avute kwa mdomo huku akiisukuma chupa kwa kucha. Baada ya nusu saa itoe, mabaki yasiozeshe maji. Mkubwa anatosha kula mara moja kila siku mbili au tatu. Dagaa wakavu walioanikwa mchangani waache. Wana mchanga, na hawampi kazi yoyote ya kutafuta.

Magugu maji ya ziwani yanapendeza, ila mimi siyashauri: mizizi yake hubeba konokono, na baadhi yao ndio wanaoeneza kichocho. Kipande cha mpera kilichochemshwa na kulowekwa hadi kizame kinatosha.

Jua la dirishani halihesabiki, kioo huzuia miale anayohitaji kutengeneza vitamini D. Mtoe nje, umweke kwenye beseni lenye maji kidogo kwa dakika 20, kabla ya saa nne asubuhi, nusu ya beseni ikiwa kivulini. Usiondoke hapo: maji hayo hupata moto upesi, na mwewe wa Mwanza unawajua. Ukimaliza kumshika, nawa kwa sabuni. Kobe hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wiki, jukwaa lake la kuotea jua usiliguse. Akijificha na kugoma kula baada ya badiliko, rudisha ulichohamisha palepale kilipokuwa.